Bwana S. Bwana

Karatasi ilikuwa ndani ya mkebe wa biskuti,
chini ya risiti za maji za nyumba ya Kibokoni
na jino la dhahabu ambalo hakuna aliyelidai.
Nene, mfano wa noti iliyonenepa kwa kukaa bure:
meli mbili za moshi, nanga, lakiri nyekundu iliyopasuka,
na mwandiko wa karani wa Hull, wa madaha:
hisa mia moja na ishirini.
Mwenyewe, Bwana S. Bwana.

Baba alikuwa Shebwana bin Nassoro,
mpishi wa meli miaka kumi na tisa.
Wenziwe wakilipwa, walinunua redio.
Yeye alinunua kipande cha meli iliyomchoma mikono
na hakutwambia.
Mama alikufa akiamini zile pesa
zilikuwa na mke wa pili.

Nami nimekaa Posta ya Barabara ya Digo
miaka thelathini na mmoja, chuma masikioni,
nikichomeka nyaya: Nairobi, Lamu, Bombei,
subiri, nakuunganisha.
Nikadhani mambo ya mbali nayajua.

Benki ya kwanza, kijana aliigeuza
kama anayetafuta mahali pa kuibonyeza.
"Mama, hisa siku hizi hazishikiki."
Benki ya pili walinipa chai, wakanambia vile vile.
Dalali wa ghorofa ya tatu (lifti imekufa)
alikuwa na heshima ya kusoma kwanza, ndipo akacheka.
Kampuni ya meli ilimezwa na ya bima,
ya bima ikamezwa na ya chakula cha paka,
hisa za baba zikakunjwa, zikakunjuliwa, zikakunjwa tena,
zikabaki saba na robo.
"Na robo hawanunui."

Wakataka cheti cha kifo.
Wakataka hati ya Kadhi, na Kadhi akagawa kama ilivyoandikwa:
kaka zangu mafungu mawili mawili, mimi moja.
Nilikaa pale bencini nikigawa saba kwa tano kwa vidole.
Muhaji akatuma sauti kutoka Maskati:
"Uza, lakini nataka hesabu."
Nikamuuliza gharama ya kuituma atalipa nani.
Hiyo hakuijibu.

Wakataka kiapo, kwamba S. Bwana na Shebwana ni mtu mmoja.
Mbele ya wakili Mghanga, shilingi elfu tatu,
niliapa kuwa babangu alikuwa babangu,
kwamba jina ndilo lililokatwa, mtu hakukatwa.

Nikapiga simu Uingereza.
Msichana wa sauti ya asali akaniacha na kinanda,
dakika arubaini na mbili.
Zamani nilimweka mkuu mmoja wa mkoa kwenye laini
dakika mbili tu, akanitukania mama.
Siku hiyo nilimsamehe.

Waliitaka ile ile yenyewe, si nakala.
Basi kabla ya kuitia bahasha
nilipita kwa kijana wa fotokopi, nyuma ya Marikiti.
"Rangi au nyeusi?" Rangi ni hamsini.
Nikasimama na sarafu mkononi
kama mtu anayechagua sanda.
"Rangi."

Hundi ilifika baada ya miezi minane, Jumatano,
saa ya mchuzi kuchemka.
Pauni arubaini na moja na senti zake.
Tarehe sawa, muhuri sawa, sahihi mbili.
Mlipwa: Bwana S. Bwana.

Nimezima jiko.
Nimeiweka mkebeni, juu ya nakala, kando ya jino,
kisha nikavuta kiti karibu na simu.
Kinanda. Kinanda. Asali ikaitika,
ikauliza naweza kusaidiwa vipi leo.
Yupo mtu hapa, nikamwambia, mmemwandikia.
Subiri.
Nakuunganisha.